Wasifu wa Cynthia Kahonzi Kambi, Uliosahihishwa kwa Penseli Yake Mwenyewe

Mchungaji, wazee wa Jilore, wakwe zetu mliotoka mbali, majirani wa Malindi, nanyi mliosimama kwa sababu viti havikutosha: nina habari ambayo hakuna hapa atakayeiamini, na mimi mwenyewe ningeisikia kwa mwingine ningemwita mwongo. Marehemu huyu tunayemzika leo ameusoma wasifu huu. Ameusoma wote isipokuwa pale anapofariki, na ameusahihisha.

Mwezi wa Januari aliniita akaniambia, "Mjomba, najua siku yangu ikifika atakayesimama na karatasi ni wewe. Basi andika sasa niuone. Sitaki kuzikwa kwa maneno ambayo sijayapitia." Dada yangu Easter, mama yake, alilia. Alisema kumwandikia wasifu mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi huku anaangalia. Kahonzi akamjibu, "Mama, mimi nimesoma vitabu vya wafu wengi. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama wameandika sawa."

Nikanunua daftari, nikaandika. Nilimpa Jumapili tarehe 9 Machi, akanirudishia Jumanne kwa mkono wa Owen, mumewe. Aliposoma kitabu chochote, hata cha mtu mkubwa mwenye shahada, akikuta mahali mwandishi amezidisha aliandika pembeni kwa penseli neno moja: chumvi. Na mimi hakunisamehe. Mwalimu Phoebe Kavata wa Kilifi, rafiki yake, ndiye aliyepiga chapa karatasi mlizoshika. Nimemwapisha asiondoe wala asiongeze neno. Palipoandikwa Penseli, hapo anasema marehemu, si mimi.

Cynthia Kahonzi Kambi alizaliwa hapa Jilore Jumapili, tarehe 4 Agosti 1985, mtoto wa pili wa Kambi Kitsao na Easter Randu. Siku hiyo mvua ilinyesha mpaka mto Sabaki ukapanda shambani, nikaogelea na taa mdomoni kwenda kumwita mkunga.

Penseli: Chumvi. Mvua gani ya Agosti? Mama anasema mkunga aliitwa na baba, wewe ulikuwa umelala.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1992, akamaliza 1999. Sekondari alisomea Malindi, akamaliza 2003, na mwaka 2005 akapata cheti cha ushonaji. Lakini kusoma hakukumwanzia shuleni. Kulimwanzia kwangu. Mwaka 1993 nilikuwa mtunza bustani wa Mtaliano mmoja pale Malindi, na kila Jumapili nilirudi nyumbani. Jumapili moja nikaja na kitabu chembamba cha Kitaliano nilichookota kwenye shimo la takataka. Mimi shule niliiacha darasa la nne, mwalimu akashukuru Mungu. Lakini nilikuwa nimeshajua kusema buonjorno, salamu yao ya asubuhi, na Jilore nzima mwenye buonjorno alikuwa mimi peke yangu. Nikatangaza kwamba nasoma Kitaliano.

Basi kila Jumapili alasiri, watu wakitoka kanisani, mimi kwenye kiti cha kamba, Kahonzi chini kwenye mkeka, nafungua ukurasa namsomea.

Palikuwa na nyumba nyeupe, ndefu kuliko upana wake. Haikuwa na dirisha hata moja. Mlango ulikuwa mmoja tu, ukiufungua taa inawaka yenyewe na baridi inakumwagikia miguuni. Ndani aliishi mwanamke peke yake. Na kila siku, saa kumi alasiri, alisikia kiti kikivutwa chumba cha pili. Akienda kuangalia hakuna mtu. Ila kiti kimesogea.

"Mjomba, ni nani?"

"Ukurasa huo bado."

"Na mlango ukifungwa, ile taa huzimika au hubaki inawaka?"

"Kitabu hakisemi."

"Basi yule mwanamke anajuaje kama yuko gizani?"

Miaka minane, mtoto huyo! Nilishtuka, nikafunga kitabu nikasema macho yameniuma. Alikuwa akiniangalia hivi kwamba mimi mwenyewe, mtungaji, nikaanza kuogopa kupita karibu na kile chumba cha pili. Mwaka uliofuata Mtaliano akarudi kwao, kazi ikaisha, na hadithi ikakatika hapo hapo kwenye kiti. Kitabu nikamwachia Kahonzi. Mwisho wa hadithi hakuupata.

Katika daftari hapa niliandika kwamba nilikisoma Kitaliano kama maji ya kunywa.

Penseli: Waambie kilikuwa kitabu gani, mjomba. Kabla hawajanifukia. Uliahidi.

Nitasema. Kila jambo na aya yake.

Mwaka 2006 marehemu alifungua chumba cha kushonea sare za shule karibu na soko la zamani la Malindi. Nusu ya watoto wa mji ule wamekwenda shule wakiwa ndani ya kazi ya mkono wake. (Hapo hakuandika chumvi, mwone.) Vyumba vilikuwa viwili. Cha mbele kilikuwa na cherehani, cha nyuma vitabu na kiti kimoja. Kila siku saa kumi alasiri alisimamisha cherehani, hata kama mteja amesimama na sketi isiyo na pindo, akaingia chumba cha nyuma, akavuta kiti, akasoma nusu saa. Wateja walizoea. Walisema, "Tungojeni, kiti kimevutwa."

Vitabu vipya hakuvipenda. Alitaka vilivyopita mikononi mwa watu. Alivitafuta kwenye marundo ya mitumba, kwenye hoteli zilizofungwa, kwa masista, kwa wajane. Kabla hajasoma ukurasa wa kwanza alimsoma kwanza aliyekimiliki: jina ndani ya jalada, doa la chai, tiketi ya basi, unywele. Na kabla hajakifungua alikigonga mara mbili kwa kidole akasema, "Hodi." Kisha akangoja kidogo.

Nilimcheka sana. Nikamwambia, "We Kahonzi, siku moja watakujibu karibu, utakimbia uache cherehani."

"Hujibu, mjomba," akasema, huku anatunga uzi kwenye sindano. "Si kwa sauti. Lakini kuna vitabu ukivifungua unajua umemkatiza mtu."

Sikumcheka tena siku hiyo.

Mwaka 2014 alianza kuandika kwenye simu, katika blogu aliyoiita Vifungo Vitano. Hakuwa analipwa na mtu, ilikuwa ni mapenzi yake tu. Kila Jumamosi alieleza kitabu kimoja na kukipa vifungo. Kibaya kilipata kimoja, kizuri vinne. Alivipiga picha vimepangwa juu ya jalada, vifungo vyenyewe vya sare. Na kurasa alizitia alama kwa vipande vya kitambaa. Kijani kilikuwa cha kitabu anachokwenda nacho vizuri, kijivu cha kilichomchosha, na chekundu kwa ukurasa uliomtia hofu. Alipenda hadithi za nyumba zenye kitu ndani yake. Alichukia zile ambazo mwishoni mtu mwerevu anatokea na kueleza kwamba ulikuwa ni upepo tu. Aliandika hivi mwaka 2017, na Mwalimu Kavata amelikumbuka neno kwa neno: "Kifungo kimoja. Mwandishi amemfukuza mzimu bila kumuuliza alikuja kutafuta nini."

Ukurasa wa mwisho wa kitabu chochote aliusoma akiwa amesimama. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mgeni akiondoka unamsindikiza umekaa?"

Vifungo vitano, katika miaka kumi na moja, hakuwahi kukipa kitabu chochote. Blogu ilikuwa na wasomaji milioni moja duniani kote.

Penseli: Mia nne na kumi na mbili. Wewe umo mara tatu kwa sababu ulisahau neno la siri.

Kuhusu ndoa, niliandika kwamba alikutana na bwana Owen Okoth kwenye sherehe kubwa, mimi ndiye niliyewajulisha.

Penseli: Tulikutana kwenye friji ya jirani. Muulize Owen.

Nikamuuliza, kwenye matanga, wiki iliyopita. Owen ni fundi wa friji, nyote mnamjua, alikuja Malindi kutoka kwao Siaya akiwa kijana. Mwaka 2008 aliitwa kutengeneza friji ya soda kwenye kibanda jirani na cherehani. Kahonzi akamwona ameweka mlango kando, akatoka na kile kitabu changu cha Kitaliano mkononi. Owen amenisimulia maneno haya mbele ya mashahidi:

"Aliniuliza, fundi, umewahi kuiona nyumba hii? Nikatazama picha. Nikamwambia, dada, hii si nyumba, hii ni friji. Hiki ni kitabu cha maelekezo, wanaeleza namna ya kuyeyusha barafu. Akakifunua kitabu tena. Kisha akauliza, hakuna mwanamke ndani? Nikamwambia, kuna rafu tatu na droo ya mboga. Akauliza, kinaishaje? Nikamwambia kinaisha na dhamana ya miaka miwili."

Basi mmesikia. Nimesema, ahadi nimeitimiza nusu yake. Mimi Sanga Randu, ambaye nimekaa katika arusi na matanga ya wilaya nzima nikijisifu kwa Kitaliano miaka thelathini na mbili, nilimsomea mtoto kitabu cha friji. Friji niliijua, nilipita kuchukua vichwa vya samaki jikoni kwa Mtaliano kila Ijumaa. Jilore hatukuwa na umeme, mtoto angejuaje? Naona mnacheka. Chekeni, lakini Owen anasema Kahonzi hakucheka. Alimfanya fundi afungue na kufunga mlango wa ile friji ya soda mara sita, yeye ameinama anachungulia kwenye ufa aone kama taa inazimika.

Walifunga ndoa Malindi, Jumamosi tarehe 12 Desemba 2009, wakajaliwa watoto wawili. Na kwa miaka kumi na saba tangu siku ile ya friji mwanamke huyu aliniamkia, "Shikamoo mjomba," akanipa chai, akanisikiliza nikijisifu Kitaliano mbele ya watoto wake, na hakunivunjia heshima hata kwa kope.

Mwezi wa Juni 2022 miguu yake ilianza kuvimba. Madaktari wakasema ni figo. Kuanzia Septemba mwaka huo alikwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, mkono mmoja kwenye mashine, mkono wa pili umeshika kitabu. Manesi walimfunulia kurasa. Hapo nilikuwa nimeandika kwamba hakulalamika hata siku moja.

Penseli: Chumvi. Nililalamika sana. Mwulize Owen, masikini.

Jumapili ile nilipompelekea daftari alikuwa amelazwa hospitali. Uso umepungua, macho yamebaki makubwa kama ya yule mtoto wa kwenye mkeka. Tulikuwa wawili. Akaniambia, "Mjomba, nataka kitu kimoja. Nani alikuwa akivuta kile kiti?"

Nikakohoa. "Mwanangu, kurasa za mwisho zilichanika."

"Mjomba."

"Kweli, panya..."

"Mjomba, friji haina kurasa za mwisho."

Niliangalia sakafu. Nilitamani niwe ndani ya Sabaki. Yeye akanishika mkono, mkono wake ulikuwa baridi, akasema hivi: "Sikukasirika. Nilipojua kwamba hadithi haimo mle, niliona basi lazima imo katika kitabu kingine. Nimekitafuta. Mia nane na zaidi nimefungua, nikigonga hodi. Haimo popote. Wewe tu ndiye unayeijua. Waambie watu ukweli siku ya kunizika, nami uniambie mwisho sasa."

Nikasema, "Alhamisi. Nitakuja nao Alhamisi." Akacheka kidogo, akasema, "Usichelewe, na usiweke chumvi."

Kabla ya mwisho nataja majina, kinyume cha desturi, kwa sababu mwisho wenyewe si wenu, ni wake. Marehemu ameacha mume, Owen Okoth. Watoto, Nicholas, aliye kidato cha pili, na Cynthia mdogo, aliye darasa la nne. Wazazi wake Kambi Kitsao na Easter Randu. Kaka yake mkubwa Charo, na mimi mjomba wake. Ameacha wasomaji mia nne na kumi na mbili, ukiniondoa mara mbili. Mungu ampe pumziko jema, na huko alipo asikute kitabu kilichokatika.

Kutoka hapa daftari halina penseli. Alinirudishia Jumanne na kurasa hizi za mwisho zikiwa tupu mbele yangu, nami naziandika peke yangu. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu naandika pasipo mtu wa kunishika, na sikujua kwamba mtu anaweza kuogopa kitu kama hicho.

Cynthia Kahonzi Kambi alifariki Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Mimi nilifika saa nne. Kwa siku tatu nilikuwa nimekaa hapa Jilore nikiutafuta mwisho wa hadithi yangu mwenyewe, na sikuuona, kwa hiyo nilitembea polepole kwenda stendi. Huo ndio ukweli. Mguu haukuuma, gari halikuharibika. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa sina kitu mkononi. Owen alikuwa amesimama mlangoni pa wodi. Akasema, "Mjomba, ameshaondoka." Kile kitabu cha friji kilikuwa kifuani kwa Kahonzi, kipande cha kitambaa chekundu kikitokeza kwenye ukurasa wa mwisho, ule wa dhamana.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda Malindi kuvifungasha vitabu vyake. Niliketi chumba cha mbele, kwenye cherehani, nikiandika majina ya vitabu vya rundo la kwanza tulilolitoa nyuma. Kila kimoja nilikigonga, nikasema hodi, nikaona haya, lakini nikasema. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Owen alikuwa nje na mkokoteni, hakuna mtu mwingine.

Nje muadhini alianza kuita alasiri, akamaliza. Soko lilikuwa limetulia kidogo. Ikawa saa kumi.

Nikasikia kiti kikivutwa.

Hii siitii chumvi, naapa mbele ya jeneza hili. Kilivutwa mara moja, hivi, kama mtu asiyetaka kusumbua wateja. Kisha kimya. Kisha, baada ya muda wa kusoma ukurasa mmoja, nikasikia ukurasa unafunuliwa.

Na hapo, Kahonzi mwanangu, nikaupata mwisho wako, siku nne baada ya kuchelewa. Sikiliza. Yule mwanamke wa nyumba nyeupe alipokuwa akienda chumba cha pili, alikuwa akienda kumfukuza mtu. Siku ya mwisho hakwenda hivyo. Alisimama mlangoni, akagonga mara mbili kwa kidole, akasema hodi, akangoja. Na aliyekuwa akivuta kiti alikuwa mtoto wa mkekani, aliyekuja kila siku saa kumi kusikiliza iliyobaki. Hakutaka kumtisha mtu. Alikuwa hajamaliziwa. Na taa, mwanangu, taa haizimiki mlango ukifungwa. Hubaki inawaka. Sasa nakwambia mimi, si kitabu.

Huo ndio mwisho. Nilisimama kuusema, kama ulivyotaka ukurasa wa mwisho usomwe. Nikaushika mlango wa chumba cha nyuma, nikagonga mara mbili, nikasema hodi, nikatia ufunguo, nikafungua, na wallahi Jilore nisikilizeni, baridi ikanimwagikia miguuni mpaka magotini, kile kiti kikainuka futi tatu kutoka sakafuni, vitabu mia nane vikajifungua vyenyewe kwa mkupuo, na kutoka katika kila kimoja wenye vitabu wote wa zamani, masista, wajane, Wataliano, watu elfu moja na zaidi, wakanijibu kwa Kitaliano safi, nami nikawaelewa kila ne

Penseli: Chumvi, mjomba. Ukurasa huu wa nyuma nimetangulia kuuandika, najua kalamu yako hukimbilia wapi ikiachwa peke yake. Pale kabla ya chumvi, penye kweli, weka vifungo vitano. Sasa usisimame, sijaondoka. Vuta kiti, ukae.